Zram-tools kwenye kompyuta za RAM 4 GB: isakinishe, lakini usiiache ilivyo

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kampala bado huja na RAM ya 4 GB na diski ya kuzunguka. Ndizo zinazochapa kadi na risiti Nasser Road, ndizo zilizojaa kwenye maabara za shule, na huko Arua au Koboko utakuta moja imewekwa Debian, mfumo huria wa Linux, na kugeuzwa seva ya ofisi nzima. Prosesa zake bado zina nguvu. Zinachokosa ni kumbukumbu, na ndiyo maana mafundi wengi siku hizi wanaambiana wasakinishe zram-tools, kifurushi kinachowasha zram, yaani swapu iliyobanwa ndani ya RAM.

Mapitio haya ni ya kifurushi hicho kama kilivyo kwenye Debian 12, pamoja na mipangilio ya kerneli (kiini cha Linux) inayokizunguka. Hukumu yetu ni hii: kwa mashine ya 4 GB yenye diski ya kuzunguka, hakuna kitu cha bure kinacholeta nafuu kubwa kuliko zram. Ila mipangilio yake ya mwanzo ni midogo mno, na kwenye seva zram peke yake huahirisha tu maanguko. Kinachoyazuia ni kikomo cha kumbukumbu kilichowekwa kwa kila huduma, na hicho wengi hawakigusi.

Kwanza tuone kwa nini swapu ya diski, yaani nafasi ambako kerneli huhamishia data ya RAM inapojaa, inatesa. Diski ya kuzunguka humudu takriban usomaji 100 wa huku na huku kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu ni 4 KB. Kivinjari kikiwa na MB 500 zilizosukumwa kwenye diski, hizo ni kurasa 128,000, na zikirudi moja moja utasubiri dakika zaidi ya 20. Kerneli inajitahidi kwa kuvuta kurasa 8 kwa mkupuo, lakini kurasa jirani kwenye diski mara nyingi siyo unazozihitaji. Hapo ndipo taa ya diski inawaka bila kuzima, kipanya kinagoma, na mtu anabonyeza kitufe cha umeme. Zram hutengeneza diski ya kubuni ndani ya RAM yenyewe, na kila ukurasa unaoingia humo hubanwa. Kurasa za kivinjari, LibreOffice na Java kwa kawaida hubanwa hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake, na kuufungua ukurasa mmoja ni kazi ya prosesa ya mikrosekunde chache. Si teknolojia ya majaribio: imo kwenye kerneli rasmi tangu toleo 3.14 la mwaka 2014, na Fedora waliifanya kuwa swapu ya kawaida kuanzia toleo la 33, mwaka 2020.

Kusakinisha ni amri moja, na kifurushi hakifiki hata megabaiti moja, kwa hiyo bando la simu linatosha:

sudo apt install zram-tools

Kisha fungua /etc/default/zramswap, na hapa ndipo watu wanapopotea. Faili ina mistari minne ya maana: ALGO=lz4, PERCENT=50, SIZE=256 na PRIORITY=100. Yote imetanguliwa na alama ya #. Mtu anaisoma, anaona PERCENT=50, anaridhika kwamba nusu ya RAM imeshatengwa, anafunga faili. Kumbe mistari hiyo haifanyi kazi, na anachopata ni kifaa cha MB 256. Kwenye mashine ya 4 GB hicho hujaa kabla hata kivinjari hakijafungua vichupo vyake vyote vya asubuhi.

Maelezo ya faili hiyo yana kasoro ya pili. Yanasema PERCENT ni kiasi cha RAM kitakachotumiwa na zram. Sivyo. Ni ukubwa wa data kabla haijabanwa. Ukiweka PERCENT=100 kwenye mashine ya 4 GB, kifaa kitapokea hadi 4 GB za kurasa, na zikibanwa hadi theluthi zitakaa ndani ya takriban 1.3 GB za RAM halisi. Kikiwa kitupu, karibu hakili kitu. Kwa hiyo usiogope namba kubwa. Sisi tunapendekeza hivi kwa kompyuta ya mezani ya 4 GB:

ALGO=zstd
PERCENT=75
PRIORITY=100

Kisha sudo systemctl restart zramswap. Zstd hubana vizuri zaidi, lz4 ni nyepesi zaidi kwa prosesa. Kwenye Core i3 au i5 ya kizazi cha nne kwenda juu, chagua zstd bila wasiwasi. Kwenye Atom au Celeron dhaifu, baki na lz4.

Amri ya kukagua ni zramctl. Tazama safu tatu: DATA ni kiasi kilichoingia, COMPR ni kiasi baada ya kubanwa, TOTAL ni RAM inayoliwa kwa kweli pamoja na gharama za kuhifadhi. Ukiona DATA 1.8G na TOTAL 620M, zram inakufanyia kazi nzuri. Ukiona TOTAL inaikaribia DATA, kurasa zako hazibaniki, na kwenye vibanda vya kuchapa hilo hutokea mtu anapofungua picha nyingi kubwa za JPEG kwa pamoja kwenye programu inayozihifadhi zikiwa zimeshabanwa tayari. Kwa hali hiyo zram haina msaada. Inakula RAM ileile iliyokuja kuiokoa. Kinga ni kuiwekea dari kwa kuandika, ukiwa root (msimamizi mkuu):

echo 1500M > /sys/block/zram0/mem_limit

Zram-tools haina mstari wa kuweka dari hiyo, na huo ni upungufu wa kweli. Itabidi uiweke kwenye huduma ndogo ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inayoanza baada ya zramswap.service, maana mashine ikizimwa thamani inapotea.

Sasa kerneli. Tengeneza /etc/sysctl.d/90-kumbukumbu.conf yenye mistari hii, kisha uisome kwa sudo sysctl --system:

vm.swappiness=150
vm.page-cluster=0
vm.dirty_background_bytes=33554432
vm.dirty_bytes=134217728

Mstari wa kwanza, unaopanga kerneli ipendelee swapu kiasi gani, utawashtua waliozoea ushauri wa swappiness=10. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa swapu ya diski. Tangu kerneli 5.8, swappiness hufika hadi 200, na maana yake ni uwiano wa gharama: 100 inasema kusoma swapu na kusoma mafaili kuna bei sawa. Nyaraka za kerneli zinatoa mfano wa swapu yenye kasi mara mbili ya diski ya mafaili, na hesabu inatoka 133. Zram ikishindana na diski ya kuzunguka, tofauti ni kubwa kuliko mara mbili kwa mbali, kwa hiyo 150 ni ya kiasi. Ukisakinisha zram halafu ukaacha swappiness ikiwa 10, kerneli itatupa kache ya mafaili, yaani msimbo wa programu zenyewe, na kuusoma upya kutoka diski ileile ya polepole uliyokuwa unaikimbia. Malalamiko mengi ya "nimeweka zram sijaona tofauti" yanatokana na hapa.

page-cluster=0 inaiambia kerneli ivute ukurasa mmoja mmoja badala ya nane. Kwenye zram hakuna kichwa cha diski cha kusogeza, kwa hiyo kuvuta nane ni kufungua kurasa saba za ziada bure.

Mistari miwili ya dirty inahusu data iliyoandikwa lakini bado iko RAM. Kwa kawaida kerneli huiruhusu kufika asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Mteja akileta flashi ya polepole na kukopi video, mamia ya MB hujikusanya, halafu mashine nzima inangoja flashi. Kwa MB 128 msongamano hupungua, na umeme ukikatika kinachopotea ni kidogo. Ukiweka hizo za bytes, zile za ratio hujigeuza sifuri zenyewe, usizihangaikie.

vm.min_free_kbytes iache. Kwenye mashine ya 4 GB mara nyingi utaikuta 67584, inatosha. Ipandishe hadi 131072 ikiwa tu dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) inaonyesha "page allocation failure" kutoka kwa kadi ya mtandao. Kuipandisha kupita kiasi ni kujinyima RAM na kuita OOM, yaani kerneli kuua michakato kwa kukosa kumbukumbu, mapema.

Kuna mipangilio miwili inayosambazwa sana ambayo tunawasihi watu waiache kwenye mashine hizi. Ya kwanza ni vm.overcommit_memory=2. Katika hali hiyo kerneli hukataa kuahidi kumbukumbu kupita CommitLimit, na CommitLimit ni swapu yote pamoja na asilimia 50 ya RAM, isipokuwa umebadilisha vm.overcommit_ratio. Mashine ya 4 GB isiyo na swapu inabaki na ahadi za takriban 2 GB. Java na vivinjari huomba anwani nyingi ambazo hawazigusi kamwe, kwa hiyo utaona "Cannot allocate memory" huku amri ya free ikionyesha zaidi ya 1 GB imelala. Linganisha Committed_AS na CommitLimit ndani ya /proc/meminfo na utaelewa papo hapo. PostgreSQL, watengenezaji wa hifadhidata, wenyewe wanaipendekeza hali ya 2, na kwa seva iliyotengewa hifadhidata tu inaweza kufaa. Kwa mashine ya kazi mchanganyiko, 0 ya kawaida ndiyo sahihi. Redis, hifadhidata inayokaa RAM, nayo hutaka 1, kwa sababu hujigawa kuwa michakato miwili inapohifadhi data.

Ya pili ni ulimit -v. Hii huhesabu anwani zilizodaiwa, siyo RAM inayotumika. Iwekee Java na inaweza kukataa hata kuanza, ikisema haikuweza kutenga nafasi ya heap, eneo ambako Java huweka data ya programu. Chombo cha kuweka kikomo cha RAM halisi ni cgroup, njia ya kerneli ya kupimia rasilimali za kundi la michakato, na kwenye Debian 12 toleo lake la 2 liko tayari bila kusakinisha chochote.

Hapa tunakuja kwenye seva. Chukua mfano wa kituo cha afya kinachoendesha UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS: kuna Tomcat, seva ya programu za Java, na kuna hifadhidata ya MySQL au MariaDB, zote kwenye sanduku moja la 4 GB. Bila mipaka, Java inapovimba ndipo kerneli inapotafuta mchakato mnene wa kuua, na inaweza kumkuta MySQL katikati ya kuandika. Zram haibadilishi mwisho huo, inausogeza tu hadi saa ambayo foleni ya wagonjwa ni ndefu zaidi.

Gawa RAM kwa makusudi. Mfumo wenyewe uachie takriban MB 400. MariaDB: innodb_buffer_pool_size=512M, badala ya 128M ya kawaida. Java: -Xmx1024m, ukikumbuka kwamba heap si Java yote. Kuna nafasi ya madarasa, kuna msimbo uliokusanywa, na kila uzi hudai hadi MB 1 ya staki. Kwa Tomcat hesabu nusu nyingine juu ya heap. Usipoweka -Xmx, Java yenyewe huchukua robo ya kumbukumbu inayoiona kama dari ya heap. Kisha sudo systemctl edit tomcat.service, au jina lolote la huduma yako, na uandike:

[Service]
MemoryHigh=1500M
MemoryMax=1700M
MemorySwapMax=256M
Restart=on-failure
RestartSec=10

Kwa MariaDB weka MemoryHigh=800M na MemoryMax=1000M. Inayobaki, kama GB 1, ni ya kache ya mafaili na ya zram. Kwenye seva punguza PERCENT hadi 50.

MemoryHigh ni onyo lenye meno: huduma ikiipita, kerneli huipunguza kasi na kuilazimisha iachie kurasa. MemoryMax ni ukuta. Usiweke MemoryHigh peke yake, kwa sababu huduma inayovuja kumbukumbu itapunguzwa kasi hadi itambae, bila kufa wala kuwashwa upya, na mfanyakazi wa mapokezi ataona ukurasa unaozunguka tu. Wala usizisawazishe, acha pengo la MB 150 hadi 200.

MemorySwapMax ndiyo inayosahaulika, na ukiwa na zram ni ya lazima. RAM inayoliwa na kurasa zilizobanwa ndani ya zram haihesabiwi kwa huduma iliyozisukuma humo. Tomcat yenye ukuta wa MB 1700 inaweza kuhamishia GB nzima kwenye zram na kuendelea kukua, huku RAM hiyo ikinyang'anywa wengine. Zaidi ya hapo, mkusanya taka wa Java, anayeachilia kumbukumbu isiyotumika tena, hupitia heap karibu yote. Heap iliyo kwenye swapu humfanya azirudishe kurasa zote kila zamu. MB 256 zinatosha kwa kurasa zilizolala kweli.

Mashine ikiua kitu, dmesg inakueleza nani alikosea, ukijua kusoma. Mstari unaoanza "Memory cgroup out of memory: Killed process" unasema huduma imegonga ukuta wake yenyewe: aidha umeibana mno au inavuja. Mstari unaoanza "Out of memory: Killed process" bila neno cgroup unasema mashine nzima ilikauka: umegawa kuliko ulicho nacho. Mbele yake kuna total-vm na anon-rss. Total-vm ya Java inaweza kuwa 5 GB na isiwe tatizo hata kidogo, hizo ni anwani tu. Soma anon-rss, ndiyo RAM. Huduma iliyouawa hivyo huonekana kwenye systemctl status ikiwa na sababu oom-kill.

Kikomo hichohicho kinafaa kwa kivinjari kwenye kibanda cha kuchapa, ambako vichupo vya EFRIS (mfumo wa risiti za kodi), barua pepe na fomu za vyuo hukaa wazi siku nzima:

systemd-run --user --scope -p MemoryHigh=1800M -p MemoryMax=2200M chromium

Chromium huvipa vichupo vyake oom_score_adj ya juu kuliko mchakato mkuu, kwa hiyo ukuta ukigongwa hufa kichupo, LibreOffice ya mteja inabaki salama. Kwenye Ubuntu 24.04 ongeza -p OOMPolicy=continue, la sivyo systemd hufunga kivinjari chote.

Kuhusu Ubuntu: kwenye seva za kukodi zenye kerneli nyepesi, zramswap inaweza kushindwa kuanza na modprobe ikalalamika kuwa moduli ya zram haipo. Sakinisha linux-modules-extra-$(uname -r).

Je, zram ishinde daima? Hapana. Kama mashine ina SSD, tunaipendelea zswap, ambayo imo ndani ya kerneli tayari. Sababu ni hii: ukiwa na zram na swapu ya diski pamoja, zram hujaa kwanza na kurasa zilizolala muda mrefu, halafu kurasa mpya zinazohitajika sasa hivi ndizo zinazoenda kwenye diski. Zswap hufanya kinyume: hubana zote, na zikizidi husukuma zile za zamani diskini. Hata hesabu yake ni safi zaidi, kwani kerneli mpya humtoza mwenye kurasa RAM ya zswap. Iwashe kwa kuongeza zswap.enabled=1 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub na uwashe upya. Usizitumie zote mbili kwa pamoja. Utabana kitu kilekile mara mbili. Hakiki kwa cat /sys/module/zswap/parameters/enabled.

Laptopu zinazotegemea kulala usingizi mzito (hibernate) umeme unapokatika ziko kwenye kundi hilohilo. Zram haiwezi kupokea picha ya usingizi huo, maana nayo ni RAM na huzimika. Zinahitaji swapu ya diski, na iwe na ukubwa wa RAM yote ili upate uhakika.

Mshindani wa karibu, systemd-zram-generator, una faili safi zaidi na mwanzo wake una akili: nusu ya RAM, isizidi 4 GB. Kwa anayeanza upya leo huo ni chaguo zuri sawasawa. Earlyoom tunaiongeza kwenye kompyuta za mezani: hungoja nafasi wazi za RAM na swapu zote ziwe chini ya asilimia 10, kisha humwomba mchakato mkubwa ufunge, na kwenye asilimia 5 humuua. Kwenye seva yenye mipaka ya cgroup haihitajiki.

Kabla ya yote hayo, endesha sudo dmidecode -t memory. Ikiwa kuna nafasi tupu ya RAM kwenye ubao, GB 4 za ziada zitashinda mipangilio yote iliyoandikwa hapa. Kwa laptopu ya Intel ya kizazi cha nne, dai DDR3L ya volti 1.35 na usome lebo kabla ya kulipa. DDR3 ya volti 1.5 inaingia kwenye nafasi ileile lakini mashine haitawaka.